Jina Jipya la Tiketi, Hesabu Mpya ya Watu

Mwaka 2025 watu wanaotumia Jira, programu ya kufuatilia kazi na hitilafu, kwa njia ya mtandao walianza kuona neno "issue", yaani tatizo, likitoweka kwenye skrini zao. Mahali pake pakakaa "work item", yaani kipande cha kazi, na kwingine "work" peke yake. Fomu ni ileile, vitufe viko palepale, nambari za tiketi hazikuguswa. Asiyeishi na programu hii atajiuliza kelele zote hizi ni za nini. Anayeishi nayo anajua kwamba "issue" ndiyo iliyokuwa programu yenyewe. Bodi ni mahali pa kuzipanga, kichujio ni cha kuzitafuta, na ripoti ya mwisho wa mwezi ni hesabu yake.

Katika ofisi za Kisumu ninakopita nikifundisha matumizi ya mifumo ya aina hii, maoni yamegawanyika. Wapo wanaosema wamesumbuliwa bure, na wapo wanaosema afadhali, maana lile neno la kwanza halikuwahi kuwaingia. Wote wanazungumzia kuzoea, na kuzoea ni suala la wiki chache, kisha mtu anasahau kwamba kulikuwa na jina jingine. Langu ni tofauti. Naona jina hili limehamisha kile kinachohesabiwa. Tulikuwa tukihesabu matatizo, sasa tunahesabu kazi, na kazi, tofauti na tatizo, huwa ina mtu aliyeifanya au aliyeshindwa kuifanya.

Tuanze na kampuni, maana haikuamka tu asubuhi ikaamua kuchezea maneno. Atlassian ilianzishwa Sydney, Australia, na vijana wawili, Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar, na mwaka 2002 ikatoa Jira. Wakati huo wasanidi programu wengi walikuwa wakiorodhesha hitilafu kwenye mfumo uitwao Bugzilla. Jina Jira limekatwa kutoka Gojira, ambalo ni Godzilla kwa Kijapani. Utani wa wahandisi kwa mfumo waliouzoea. Kwa hiyo tangu mwanzo hili lilikuwa daftari la hitilafu. Mtu anagundua kitu kimeharibika, anakiandika, mwingine anapangiwa, anakitengeneza, tiketi inafungwa. Ukiwa ndani ya ulimwengu huo, "issue" ni jina linalofaa kabisa.

Kisha daftari likanenepa. Wakaingiza maombi ya vipengele vipya, wakaingiza majukumu ya kawaida, baadaye idara za masoko, fedha na wafanyakazi nazo zikaletwa ndani. Jira hulipiwa kwa kichwa: kila mtumiaji wa ziada ni dola za ziada kila mwezi, na wasanidi programu katika kampuni yoyote ni wachache kuliko wengine wote wakijumlishwa. Mwaka 2024 Atlassian iliunganisha toleo lililokuwa limetengenezwa kwa ajili ya idara zisizo za teknolojia na Jira ya wasanidi, zote zikawa Jira moja. Baada ya hapo haikuwezekana kuendelea kumwambia mhasibu afungue "issue" ili mishahara ilipwe. Sababu ni ya kibiashara, iko wazi, na sioni aibu yoyote ndani yake. Muuzaji anayetaka wateja wapya huanza na kibandiko.

Huku kwetu wateja hao wapya ndio sisi. Kisumu ina wasanidi programu wake, tena wazuri, lakini watu wengi wanaofungua mifumo ya kusimamia miradi kila asubuhi katika mji huu si wasanidi. Ni maafisa wa takwimu, maafisa wa ufuatiliaji na tathmini, wasimamizi wa nyanjani wanaozunguka Siaya, Busia, Homa Bay na Vihiga kwa pikipiki, na mratibu mmoja aliyejaa barua pepe. Wanafuatilia dawa, visima, mbegu, vifaa vya maabara, mafunzo ya walimu. Walikabidhiwa Jira kwa sababu shirika mama la ng'ambo tayari lilikuwa linailipia.

Na kwao lile neno la zamani lilikuwa na mwiba ambao wahandisi wa Sydney wasingeujua. Nakumbuka mafunzo fulani katika ukumbi mdogo wa Milimani. Tulikuwa tumefika kwenye zoezi la kila mtu kufungua tiketi ya kweli kutoka kwenye kazi yake. Mama mmoja, afisa wa rekodi katika kituo cha afya cha upande wa Nyando, alikuwa na mfano mzuri sana: majibu ya maabara yalikuwa yakija na tarehe zimegeuzwa, mwezi umekaa mahali pa siku, na hivyo mgonjwa aliyepimwa tarehe tano mwezi wa tatu anaonekana alipimwa mwezi wa tano. Nikamwambia hiyo hasa ndiyo ya kuandika. Akaweka mkono juu ya kipanya, akausitisha.

"Mwalimu, nikifungua hii, yule kijana wa maabara ataona jina langu?"

"Ataona, mama. Lazima ajue imetoka wapi."

"Basi wacha nimpigie simu. Sitaki aseme nina isyu naye."

Akatoka nje, akapiga simu, wakacheka, tarehe zikanyooshwa siku hiyohiyo. Jirani yake akanong'ona kwamba hata yeye angefanya vivyo hivyo, na nusu ya meza ikakubali. Kwenye mfumo hakukuwa na chochote. Kwa hiyo siku mtambo ule wa maabara utakapowekwa upya na tarehe zigeuke tena, hakuna atakayejua kwamba tatizo hili liliwahi kutokea, wala aliyelimaliza alilimaliza vipi.

Mkenya yeyote anajua alichoogopa. Ukisikia "mna isyu gani na fulani?" hujaulizwa kuhusu kompyuta. Kumfungulia mwenzako "issue" na kulibandika jina lake juu ni kama kumshtaki mbele ya bosi, na kuna watu waliokwepa mfumo mzima kwa sababu hiyo, huku wakubwa wakidhani ni uvivu au ujinga wa kompyuta. Kwa mama yule jina jipya ni nafuu kubwa. Nikisema Atlassian ilifanya vizuri kuliondoa "issue", simfurahishi mtu, namaanisha. (Sisi wenyewe mdomoni tunasema tiketi, na tutaendelea kusema tiketi hata wakibadilisha mara ya tatu. Lakini ripoti haziandikwi kwa mdomo.)

Kwenye ripoti ndiko shida yangu inakoanzia. Chukua mchoro wa kawaida kabisa: nguzo zilizosimama, kila nguzo ni mtu, urefu wake ni idadi ya tiketi zilizofungwa mwezi huo. Afisa wa Siaya ana 4, afisa wa Busia ana 19. Juu ya mchoro huo kukiwa kumeandikwa "issues", msomaji mwenye akili timamu anauliza swali moja: Busia kuna nini? Mbona kunaharibika sana? Pengine wapeleke fundi, pengine wabadilishe vifaa, pengine mtandao wa huko ni mbovu. Afisa wa Busia anaonekana mtu aliyezidiwa, na afisa wa Siaya anaonekana mtu ambaye vituo vyake vimetulia.

Badilisha kichwa cha mchoro kiwe "work items", usiguse nambari hata moja. Swali linageuka: Siaya anafanya nini siku nzima? Mbona mwenzake amefanya kazi karibu mara tano? Yule wa Busia sasa ni shujaa, na yule wa Siaya ana maelezo ya kutoa.

Ajabu ni kwamba mara nyingi yule wa Siaya ndiye anayestahili sifa. Amekuwa akipita vituoni kabla mambo hayajaharibika, anakaa na karani, anarekebisha fomu kwa kalamu kabla haijaingizwa kwenye kompyuta, anawapigia simu madereva kabla sanduku la dawa halijaachwa kwenye jua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokuwa tiketi. Katika hesabu ya matatizo, uchache ulikuwa ushahidi wake. Katika hesabu ya kazi, uchache umekuwa shtaka.

Watu si wajinga, wanasoma upepo. Mahali ambapo mchoro wa aina hii umeanza kusomwa kama kipimo cha bidii, ziara moja ya kituo inakatwa vipande. Kuandaa ziara ni tiketi, kusafiri ni tiketi, kusaini kitabu cha wageni ni tiketi, kuandika ripoti ni tiketi, kuituma ripoti ni tiketi. Nguzo inarefuka, jamaa anapumua. Na katika kazi zetu huku sababu ya kupumua ni nzito, kwa kuwa mikataba mingi ni ya mwaka mmoja, na ya kuhuishwa. Hakuna atakayekubali aonekane mfupi kwenye mchoro mwezi wa kumi na moja.

Najua jibu litakaloletwa: bosi anayependa kuhesabu watu atawahesabu hata mngeziita tiketi hizo maembe. Ni kweli kwa bosi aliye ofisi moja nawe. Yeye anakujua, alikuona ukitoka na pikipiki saa kumi na mbili asubuhi, jina la safu halimbabaishi. Ila mchoro haukomei kwake. Unanakiliwa, unabandikwa kwenye ripoti ya robo mwaka, unapelekwa Nairobi, na kutoka Nairobi unaenda kwa mfadhili ambaye hajawahi kufika Siaya na hatafika. Huyo hana kitu cha kumwambia nambari ni za nini isipokuwa kile kichwa cha mchoro. Kilipokuwa kinasema matatizo, alisoma matatizo. Kinaposema kazi atasoma kazi, na hatumlaumu.

Historia ya fani hii inaonyesha kwamba watu walishawahi kulifikiria jambo hili kwa makini zaidi. Scrum, mtindo wa kupanga kazi ambao Jira imeubeba kwenye bodi zake, una mwongozo wake rasmi ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Hadi mwaka 2011 timu ilikuwa ikisemwa kwamba "inajifunga" kumaliza orodha ya kazi iliyochukua kwa kipindi kifupi kinachofuata. Mwaka huo waandishi waliliondoa neno hilo la kujifunga, wakaweka la kukadiria. Sababu inaeleweka na yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya meneja mkali: ulichojifunga ukikikosa umevunja ahadi, ulichokadiria kikikosewa tunakaa kuangalia makadirio. Kazi ilikuwa ileile, ila fimbo ilikuwa imeondolewa mezani.

Kuna nyongeza ninayoipenda zaidi. Katika toleo la mwaka 2020 waandishi walewale walilirudisha neno la kujifunga, lakini walilifunga kwenye lengo la kipindi na kwenye ubora wa kitu kinachotolewa, hawakulirudisha kwenye idadi ya vitu vilivyoorodheshwa. Yaani waliona kwamba neno zito lina nafasi yake, mradi lishike mahali sahihi. Atlassian ilikuwa na nafasi ya kufanya usanifu wa aina hiyo, ikachagua neno linaloingia kila mlango. Neno la kuingia kila mlango ni zuri kwa kuuza. Kwa kupima halina makali yoyote: hitilafu inayokosesha mtoto dozi sahihi na agizo la kununua maziwa ya chai ya ofisi vyote ni "work item", kimoja kimoja, uzito sawa kwenye nguzo.

Mfano wa nyumbani ni wa mwaka 2023. Wahudumu wa afya ya jamii nchini, waliokuwa wakiitwa CHV, na herufi ya mwisho ikimaanisha kujitolea, walibadilishwa jina wakawa CHP, herufi ya mwisho sasa ikimaanisha wahamasishaji. Ni zaidi ya watu 100,000, na huku kanda ya ziwa hakuna kijiji kisichowajua. Wengine walicheka: herufi moja tu. Lakini pamoja na herufi hiyo yalikuja mabegi ya vifaa, simu za kuingizia taarifa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ikichelewa, na huchelewa, mhudumu anaweza kusimama mbele ya afisa wa kaunti akasema anadai. Aliyejitolea hana cha kudai. Hilo ndilo badiliko la jina ninaloliheshimu, kwa sababu lilimpa mfanyakazi kitu cha kushika mkononi. La Jira limempa cha kushika yule anayeangalia mchoro.

Kuhusu gharama za kawaida za kubadilisha jina sitakaa sana. Zipo. Miongozo yenye picha za skrini imechakaa kabla ya wakati, zile karatasi za laminesheni zilizobandikwa ukutani karibu na kompyuta ya kituo zinamwambia karani abonyeze kitufe ambacho hakipo tena kwa jina hilo, na video za mafunzo zinamchanganya anayeanza. Anayelipia haya yote si Atlassian. Lakini ni gharama ya mara moja, na kwa kweli GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilipoacha "master" na kuanza kutumia "main" kama jina la tawi kuu mwezi wa Oktoba 2020, ilionyesha kwamba zinaweza kupunguzwa: hifadhi mpya zikapata jina jipya, za zamani zikaachwa hadi wenyewe waamue.

Na chini ya skrini hakuna kilichohama. Programu nyingine zinazochota taarifa kutoka Jira bado zinapita kwenye anwani zenye neno "issue", na aliyeandika vichujio vyake miaka iliyopita kwa kutumia "issuetype" bado anapata majibu yake. Wengine wanaliita hili unafiki. Mimi naona ni busara, maana kuvunja miunganisho ya maelfu ya mashirika kwa ajili ya kibandiko kungekuwa wazimu. Monday.com, programu nyingine ya kupanga kazi, ilifanya hivyohivyo: mistari ya kwenye ubao wake iliitwa "pulse" enzi ambazo kampuni yenyewe iliitwa dapulse, na hadi leo ukiangalia kwa makini anwani ya mstari ulioufungua utakuta neno hilo limejibanza humo.

Mfano bora wa neno lililojibanza uko hapa hapa magharibi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi, karibu na Eldoret, kulianzishwa mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana, Marekani. Kutokana na mafunzo ya huko ikazaliwa OpenMRS, nayo ni programu ya rekodi za wagonjwa, mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Leo iko katika nchi nyingi, na KenyaEMR inayotumika katika vituo vyetu imejengwa juu yake. Wasanidi wa OpenMRS wamekuwa wakitumia Jira, na kwa miaka mingi anwani yao ilikuwa issues.openmrs.org. Tiketi za kiini cha mfumo wao huanza na TRUNK, jina la shina kuu la msimbo katika zana ya zamani iitwayo Subversion, ambayo walishaiacha wakahamia Git. Zana imeondoka, herufi zimebaki, na hakuna aliyekosa usingizi. Tiketi ya TRUNK inaeleweka kuwa ni jambo la kiini, basi.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Ile TRUNK inaendelea kufanya kazi kwa sababu inatenganisha. Inamwambia msomaji hili ni la wapi. "Work item" haitenganishi chochote, kwa hiyo utenganishaji inabidi tuufanye wenyewe, na bahati nzuri Jira inaruhusu. Msimamizi wa mfumo anaweza kuunda aina za tiketi na kuzipa majina anayotaka. Ninapoitwa sasa, hilo ndilo ninaloanza nalo. Hitilafu iwe aina yake. Ombi liwe aina yake. Ziara ya kituo iwe aina yake, na iwe moja, si tano. Mafunzo kivyake. Zikishatenganishwa, ule mchoro unaochanganya kila kitu kwenye nguzo moja uondolewe kwenye dashibodi, kwa sababu ukiwepo utanakiliwa tu.

La pili ni gumu kidogo kukubalika kwa wakubwa: hitilafu zihesabiwe kwa kituo, si kwa mtu. Jira ina sehemu ya kuandika tiketi inahusu kipengele gani cha mfumo, na hakuna kinachozuia vipengele hivyo kuwa majina ya vituo vya afya, au skimu za maji, au maghala. Mchoro ukisema kituo fulani kimekuwa na hitilafu 19, tumerudi kwenye swali la kwanza, lile lenye faida: huko kuna nini? Meneja mmoja aliniambia kwamba akifanya hivyo hatajua nani anazembea. Nikamuuliza kama kwa sasa anajua. Alinyamaza kidogo, akasema ataongea na Nairobi, jambo ambalo kwa tafsiri ya ofisi za Kisumu ni hapana ya heshima.

Sasa limeingia badiliko la pili la jina. Mwaka huohuo wa 2025 Atlassian ilianza pia kubadilisha "project" kuwa "space" ndani ya Jira, na nimeshangaa kuona kwamba hili, ambalo limepigiwa kelele zaidi na wenzangu, ndilo ninaloliunga mkono. Wanasema nafasi ni neno tupu, mradi ni neno la kazi. Lakini mradi, kwa maana inayojulikana huku, ni kitu chenye mfadhili, bajeti na tarehe ya kufa. Jira haikuwahi kuhitaji tarehe hiyo. Ilichokiita "project" kilikuwa kapu la kuwekea tiketi, linaloweza kukaa miaka ishirini.

Kwa kuwa liliitwa mradi, mashirika yetu yakafungua kapu jipya kwa kila ufadhili mpya, kwa jina la mfadhili. Ufadhili ukiisha kapu linafungwa, pamoja na kila hitilafu iliyowahi kuandikwa humo. Ufadhili unaofuata unaanza na ukurasa mweupe, ingawa kituo ni kilekile, mtambo wa maabara ni uleule, na karani ni yuleyule wa siku zote. Na akaunti ikiwa ni ya shirika mama la ng'ambo, likiondoka linaondoka na ufunguo, na kaunti haibaki na kumbukumbu hata ya kujua modemu ya mwisho ilibadilishwa lini.

Kwa hiyo wanaoniuliza wafanye nini na hiyo "space" nawaambia waichukulie kama ilivyo. Ifunguliwe kwa jina la kaunti ndogo au la mfumo wenyewe, mfadhili awekwe kama lebo kwenye tiketi, na nakala ya tiketi zote itolewe kwenye faili kila robo mwaka na kuhifadhiwa na afisa wa rekodi wa kaunti, ambaye mshahara wake hautegemei ufadhili wa mtu.